Hesabu Kwanza, Maikrofoni Baadaye

Dereva wa tuktuk anayemshusha mgeni mbele ya nyumba ya kulala wageni mjini Malindi haondoki hivi hivi. Atangoja mgeni akabidhiwe ufunguo, kisha atazunguka upande wa jikoni kudai chake. Mwenye nyumba hulipa bila ubishi, maana nani kamleta mgeni huyo ni jambo lililoonekana kwa macho. Sasa mwulize mwenye nyumba huyo huyo kuhusu shilingi elfu kumi alizotia kwenye matangazo ya Facebook mwezi jana. Zilimleta nani? Atakuonyesha laiki.

Kujibu swali hilo ndiyo kazi ya mchambuzi wa masoko ya kidijitali. Huifuata shilingi ya tangazo tangu ilipotumwa hadi iliporudi na kitu, au ilipopotelea. Ni kazi ya kimya na ya majedwali, na huko ndiko iliko shida yake, kwa kuwa haipigiki picha. Kinachopigika picha ni mtu yule yule akiwa jukwaani, koti limemkaa, maikrofoni shavuni, nyuma yake skrini yenye jina lake na vyeo vitatu: mchambuzi, mwandishi, mzungumzaji. Vijana wetu huiona picha hiyo wakaanza na cheo cha tatu. Mimi nasema wanaanzia mwishoni, na wanaolipia kosa hilo ni wafanyabiashara wadogo wa pwani wanaowaajiri.

Muyeye ni mtaa wa Malindi unaoishi kwa wageni ingawa wageni wenyewe hawalali huko. Wanaofua mashuka, kupika, kulinda lango na kubeba mizigo katika hoteli na majumba ya upande wa Casuarina na Silversand, wengi makwao ni Muyeye, Maweni, Barani na Kisumu Ndogo. Msimu ukiwa juu, kuanzia Desemba hadi Pasaka na tena Julai na Agosti, mtaa una pesa. Masika yakiingia hoteli nyingi hufunga, na aliyekuwa mhudumu hurudi kukaa kwenye steji ya bodaboda akingoja. Ndiyo maana semina yoyote ya ajira za mtandaoni hujaza ukumbi. Serikali ilizindua mpango wa Ajira Digital mwaka 2016. Google nayo, ilipotangaza mwaka 2017 kwamba imekwisha kufunza Waafrika milioni moja, iliahidi kufikia milioni kumi. Vyeti vimeingia mtaani kweli kweli. Kilichobaki adimu ni mtu wa kukaa na mwenye nyumba ya vyumba sita akamwonyesha pesa yake iliko.

Tuichukue nyumba kama hiyo. Tarakimu ni zangu, za mfano tu. Tangazo la shilingi 10,000 limeonekana mara 30,000, watu 900 wamebonyeza, na 60 wametuma ujumbe wa WhatsApp kuulizia chumba. Wateja sita wamekuja, kila mmoja kwa siku mbili, 4,000 kwa siku. Zimeingia 48,000. Mwenye nyumba amefurahi, anataka tangazo la mwezi ujao liwe la 20,000.

Mchambuzi anaomba simu ya mapokezi. Anafungua ujumbe mmoja baada ya mwingine, anaandika daftarini saa ulipoingia na saa ulipojibiwa. Jumbe 19 ziliingia mchana, zikajibiwa papo hapo, na watano kati ya hao wakalipa. Jumbe 41 ziliingia baada ya saa mbili usiku, binti wa mapokezi keshakwenda kwao. Zilijibiwa asubuhi, akalipa mmoja. Mbona usiku? Nusu ya nambari zile zinaanza na 39, ya Italia. Wakati wa baridi kwao, Roma iko nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo saa mbili usiku ya Malindi kwao ni saa kumi na mbili jioni. Mtu ametoka kazini, yumo kwenye treni, ndipo anapotafuta pa kukimbilia jua. Kufika asubuhi ameshapata jibu kutoka Zanzibar.

Ripoti ya mchambuzi huyu ni fupi: tangazo liacheni lilivyo, mlipeni mtu ashike simu kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku. Hata akilipa mmoja tu kati ya kila wanane wa usiku, hao watakuwa watano badala ya mmoja, yaani shilingi 32,000 zaidi. Zile 10,000 za kuongezea tangazo zingeleta maulizo mengine yasiyo na wa kuyajibu. Hakuna programu ya bei mbaya iliyotumika hapo. Kulikuwa na simu, daftari na subira.

Kulikuwa pia na Kiitaliano. Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wa Malindi huliona jambo la kawaida mno. Aliyekiokota Kiitaliano ufuoni kwa kuuza vinyago na safari za Marafa anaweza kusoma malalamiko ya mgeni kwenye TripAdvisor akajua kama mtu amekasirika kweli au anapiga domo la kwao, jambo ambalo mchambuzi wa Nairobi anayetegemea tafsiri ya mashine hawezi. Tovuti ya malindikenya.net imekuwa ikiandika habari za mji huu kwa Kiitaliano muda mrefu. Anayeisoma kila wiki anajua nini kinawatia hofu wageni wetu na nini kinawavuta, wiki kadhaa kabla hakijaonekana kwenye vitabu vya hoteli. Utaalamu huu upo Muyeye tayari, ila haujapewa mshahara.

Kati ya walioipa kazi hii heshima duniani ni Avinash Kaushik, mzaliwa wa India aliyekuwa akichambua takwimu za tovuti katika kampuni ya Intuit huko Marekani. Mwaka 2006 alianza kuandika hadharani aliyokuwa akiyaona kazini. Mwaka 2007 akatoa kitabu, Web Analytics: An Hour a Day, na mwaka 2009 akatoa cha pili, Web Analytics 2.0. Google ilimchukua akawa mhubiri wake wa mambo ya uchambuzi, na hilo la mhubiri silitii chumvi, lilikuwemo kwenye cheo chake. Majukwaa yalifuata. Mpangilio huo ndio ninaotaka msomaji kijana autazame: kwanza alizama kwenye tarakimu za mwajiri mmoja, akaandika alichokitoa humo, na ukumbi ukajaa kwa kuwa watu walikuwa wameshajaribu ushauri wake wakauona unalipa.

Mawili kati ya mafundisho yake yanafaa kubandikwa ukutani. La kwanza ni kwamba ukiwa na shilingi mia za uchambuzi, kumi zinunulie zana na tisini zitie kwa watu wenye akili ya kuzisoma. Hoteli zetu kubwa huwa zinaigeuza kanuni hiyo. Wananunua mfumo wa kuweka nafasi, mfumo wa kutuma baruapepe na tovuti ya kung'ara, halafu kuisoma mifumo hiyo huachiwa mpokezi ambaye tayari ana simu mbili na foleni. Google ilinunua kampuni ya Urchin mwaka 2005, na mwaka huo huo ikaanza kutoa bure chombo cha kuhesabu wanaotembelea tovuti. Tangu hapo chombo hakijawa tatizo. Julai 2023 toleo la zamani lilizimwa, na mpaka leo ninakutana na tovuti za hoteli zenye msimbo wa toleo hilo lililokufa. Hazihesabu hata paka aliyepita, na wenyewe hawana habari.

La pili: mtu akikuletea tarakimu, mwulize "kwa hiyo?" mara tatu. Ikiwa kufikia mara ya tatu hajakuambia ufanye nini, tarakimu hiyo itupe. Wafuasi wa ukurasa wetu wamefika elfu ishirini. Kwa hiyo? Kwa hiyo tunajulikana. Kwa hiyo? Hapo ndipo mzungumzaji wetu huomba maji ya kunywa.

Nyumbani Kenya, mfano ninaouheshimu ni Mark Kaigwa, mwanzilishi wa kampuni ya Nendo jijini Nairobi. Amekuwa akitoa ripoti za utafiti kuhusu namna Wakenya wanavyotumia intaneti na data za simu, na hotuba zake hujengwa juu ya ripoti hizo. Mwaka 2017 aliandika sura katika kitabu Digital Kenya, kilichohaririwa na Bitange Ndemo na Tim Weiss na kuchapishwa na Palgrave Macmillan; sura yake inafuata mitandao ya kijamii ya Kenya tangu enzi za saiba hadi simu ya mkononi. Kizazi chake kilipata bahati ya wakati. M-Pesa ilianza Machi 2007, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa mwaka 2009, na ghafla kukawa na watu wa kuhesabiwa na pesa za kufuatiliwa. Ila bahati hiyo waliipata wengi, na walioamua kukaa chini wakahesabu walikuwa wachache. Brian Solis wa Marekani naye alipita njia kama hiyo, mchambuzi katika kampuni ya utafiti ya Altimeter na mwandishi wa vitabu kama Engage na X, ingawa kwa maoni yangu vitabu vyake vya karibuni vimeelemea mahubiri kuliko hesabu.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa wafanyabiashara wadogo Malindi, ambapo mzungumzaji kutoka Nairobi alitupa skrini nzima tarakimu moja: asilimia 54. Ni kweli, ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliiweka Kenya kileleni mwa nchi zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok, kwa asilimia hiyo ya waliohojiwa. Kijana alizunguka jukwaani akisema biashara isiyokuwa TikTok imekufa ila haijazikwa. Watu walipiga makofi. Kisha mama mmoja wa makamo anayekodisha vyumba vitatu Muyeye akainua mkono.

"Mwanangu, hao watu wako ni wa wapi?"

"Ni Wakenya, mama. Zaidi ya nusu."

"Wageni wangu ni walimu na wauguzi wanaokuja semina, na Waitaliano wawili wazee kila Januari. Hao wamo?"

Kijana alitabasamu, akasema swali ni zuri, akasonga mbele. Jibu lilikuwamo ndani ya ripoti yenyewe kama angeisoma hadi kwenye maelezo ya namna utafiti ulivyofanywa: waliohojiwa Kenya walikuwa watumiaji wa mtandao wanaojua Kiingereza, wa umri wa miaka 18 hadi 50. Wazee wa Kiitaliano hawamo. Bibi wa Kigiriama anayetumiwa video na wajukuu kwenye WhatsApp hayumo. Mama yule aliuliza swali la kitaalamu kuliko lolote lililosikika siku ile, na aliyestahili kulijibu alikuwa amelipwa ili azungumze tu.

Sitaki nieleweke kwamba jukwaa ni ubatili. Pwani hii imewahi kumwona Mekatilili wa Menza mwaka 1913 akizunguka vijiji vya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, akikusanya watu na kuwaambia jambo walilokuwa wakilijua lakini hawakuwa wamelisema kwa pamoja. Alikuwa na habari kamili ya kodi na ya kazi za kushurutishwa kabla hajafungua kinywa. Mzungumzaji wa aina hiyo ana kazi hata leo. Wa aina ile nyingine anakodishwa kwa sababu kamati inahitaji wa kuchangamsha watu baada ya chakula cha mchana.

Kuna jambo zito zaidi, nami nalitaja kwa uangalifu. Aprili 2023 polisi walianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, na maiti zikapelekwa Malindi. Idadi ilipita 400. Kwa miezi mingi jina la Malindi lilitajwa mtandaoni kuliko lilivyowahi kutajwa, katika lugha zote. Chombo chochote cha kupima mitajo kingeonyesha mstari ukipanda kama mnazi, na chombo hakijui msiba. Anayejua ni mtu. Mchambuzi wa kweli mwezi ule alikuwa na kazi ya kufanya: kusimamisha matangazo ya likizo yaliyopangwa kujituma yenyewe pembeni ya habari za vifo, kuwaambia wenye hoteli wanyamaze kwanza, kisha kusoma maulizo ya wageni mmoja mmoja ajue wanaogopa nini hasa, kwa kuwa mgeni wa Milano hajui Shakahola iko umbali gani na ufuo. Kijana mwenye kiolezo cha ripoti ya kila mwezi angeandika kwamba mitajo ya chapa imeongezeka. Nina hakika wapo walioandika hivyo.

Jambo jingine la kazi hii linalosahauliwa ni sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitangaza faini zilizopaswa kuwaamsha wauzaji wote: Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na Casa Vera Lounge ya Nairobi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Sasa fikiria picha zinazopigwa kila wiki mitaani kwetu. Mgeni anafika na biskuti, watoto wa Muyeye wanapangwa mstari, na jioni nyuso zao ziko kwenye ukurasa wa hoteli au wa shirika la hisani. Kwa mji ambao historia yake ya kudhulumiwa watoto na watalii inajulikana, hili halistahili kusubiri faini. Mchambuzi ndiye mwenye kumbukumbu za picha na orodha za nambari za simu. Akishindwa kusema "hapana" kwenye picha ya mtoto, hafai kukabidhiwa orodha hiyo.

Tuje kwenye riziki, maana najua ndilo swali. Malipo ya uchambuzi ni madogo na ya kudumu. Nyumba tatu za wageni, duka la nguo na kliniki, kila moja ikilipa kidogo kwa mwezi ili isomewe hesabu yake, zinaweza kumshikilia kijana masika yote. Malipo ya jukwaani ni makubwa na ya kubahatisha, na kwa anayeanza mara nyingi huwa ni nauli na sahani ya pilau. Kitabu ndicho kigumu kuliko vyote. Vitabu Kenya vilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mwaka 2013, maduka ya vitabu pwani ni ya kuhesabu, na anayejichapishia huishia na maboksi chini ya kitanda. Bado nasema kiandikwe, na kiandikwe kwa Kiswahili, kwa sharti moja: kila sura itoke kwenye daftari la mteja aliyekubali hesabu zake zitumike, na jina lake lifichwe. Sura ya jumbe za usiku. Sura ya msimu wa Waitaliano na msimu wa Wakenya wa Pasaka, ambao ni wateja tofauti kabisa, wanaolipa tofauti na kulalamika tofauti. Sura ya kamisheni, kwa kuwa Booking.com huchukua takriban asilimia 15 ya bei na wenye nyumba wengi hawajawahi kujumlisha ni kiasi gani kwa mwaka. Kitabu cha aina hiyo kitanunuliwa Watamu, Diani, Paje na Bagamoyo. Kile kingine cha mbinu kumi za kufanikiwa mtandaoni tumeshakisoma, jalada ndilo hubadilika.

Kwa anayesoma hapa akiwa na cheti na simu, anza na mtu mmoja. Mwombe mwenye duka au mwenye vyumba akupe miezi mitatu ya taarifa ya M-Pesa na maulizo ya WhatsApp, mwandikiane kwamba havitoki nje. Kila linki unayoituma itie lebo yake, ya Facebook mbali na ya TikTok, ili ujue mteja kapitia mlango upi. Wanaopiga simu waulizwe walisikia wapi, jibu liandikwe. Baada ya msimu mmoja utakuwa na jambo la kusema ambalo hakuna mzungumzaji wa Nairobi anaweza kulisema, na hapo ukialikwa kwenye ukumbi nenda, na udai malipo yako yote.

Nanyi wenye hoteli na nyumba za wageni wa Malindi na Watamu, Desemba haiko mbali. Mwaka huu ile pesa ya kumleta mchangamshaji kwa siku moja mpeni kijana wa Muyeye anayejua Kiitaliano na hesabu, kama mshahara wa miezi mitatu. Mkabidhini simu ya mapokezi na vitabu vya msimu uliopita. Ikifika Pasaka hajawaonyesha kila shilingi ya tangazo imemleta nani, mwachisheni kazi.